Shomoro kwenye paa la ghala: mwenye koo jeusi na mwenye kichwa cha kijivu

NafakaVoi

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wanaowajua ndege kwa undani.

Ghala la mahindi na ndengu, Voi mjini. Ukuta wa mawe, paa la mabati ya migongo, upande wa chini kama mita 3 kutoka ardhini. Shomoro wamejaa kwenye mwanya kati ya ukuta na mabati, na kwenye matundu ya hewa. Kinyesi kinadondokea magunia. Ukiwatazama vizuri wako wa namna mbili. Wa kwanza ana koo jeusi kama aliyefungwa kitambaa, na mgongo wa michirizi. Wa pili kichwa chote ni kijivu, mdomo mnene, hana weusi wowote kooni, na umbo lake ni kubwa kidogo. Huyu wa pili hushinda kwenye migunga nyuma ya ghala, ila kuna tundu moja upande wa mashariki ambalo anaingia na kutoka.

Maswali yangu:

1. Hawa ni dume na jike, au ni ndege tofauti?
2. Nikitaka kuondoa viota bila kuua makinda, nisubiri siku ngapi?
3. Nizibe kwa kitu gani? Vipande vya gunia vilivyosokomezwa mle vilivutwa nje vyote.
4. Wazee wa hapa wanasema huyu wa koo jeusi zamani hakuwapo. Ni kweli?

---

Darubini_Arusha

Ndugu NafakaVoi, umetazama vizuri. Hao si dume na jike, ni ndege wawili mbalimbali.

Mwenye koo jeusi ni shomoro wa nyumbani, Passer domesticus, na huyo uliyemweleza ni dume. Jike wake hana weusi kooni, ndiyo maana watu wengi humchanganya na yule wa kijivu. Usimtazame kooni, mtazame mgongoni. Jike wa shomoro wa nyumbani ana michirizi myeusi mgongoni sawa na dume, na nyuma ya jicho ana mstari wa rangi ya malai unaoelekea kisogoni. Yule wa kichwa cha kijivu hana mstari huo, mgongo wake hauna mchirizi hata mmoja, na anapopaa utaona sehemu iliyo juu ya mkia ina rangi ya kutu. Kwake yeye dume na jike wamevaa sawasawa, huwezi kuwatenganisha kwa macho.

Kwa Voi, na kwa mdomo mnene ulioutaja, huyo ni Passer gongonensis, ambaye wataalamu wamemlinganisha na kasuku kwa sababu ya huo mdomo. Jina lake la kisayansi limetoka Gongoni, pwani ya Kenya. Ndiye mkubwa kuliko shomoro wenzake wote wa kichwa cha kijivu. Wenzake hao wamegawana bara: kuna wa magharibi anayefika Uganda na magharibi mwa Kenya, kuna wa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, kuna wa kusini mwa Afrika, na kuna Passer suahelicus, yaani shomoro Mswahili, aliyepewa jina na Mjerumani Reichenow mwaka 1904. Huyu, pamoja na jina lake, hasa ni ndege wa bara: anaanzia kusini magharibi mwa Kenya na kuenea Tanzania. Mdomo wake si mnene kama wa huyo wako, na rangi ya mgongo inakaribiana sana na ya kichwa, kana kwamba ndege mzima amechovywa kwenye majivu.

Sasa huyo dume wa koo jeusi. Baada ya kubadilisha manyoya, yale mapya ya kooni huwa na ncha za kijivu, kwa hiyo koo linaonekana limefifia, nusu limefunikwa. Hazidondoki, zinasagika polepole kwa kuchakaa, na weusi uliokuwa chini yake ndio unaojitokeza. Hakuna manyoya mapya yanayoota hapo. Mdomo nao hubadilika: akiwa katika msimu wa kuzaa huwa mweusi kabisa, nje ya msimu hurudi rangi ya pembe ya ng'ombe. Kwa hiyo ukitaka kujua kama ghala lako lina mayai au linakaribia kuwa nayo, chukua darubini, tazama midomo ya madume. Ikiwa myeusi tii, jua kazi imeanza.

Watu husema dume mwenye koo jeusi kubwa ndiye mkuu wa kundi. Wazo hilo lilifundishwa kwa miaka mingi, lakini takwimu zilipokusanywa pamoja uhusiano ulionekana kuwa hafifu. Usilitegemee.

---

Bandari_ya_Kale

Nijibu swali la 4. Wazee wako wanasema kweli.

Shomoro wa nyumbani asili yake ni Mashariki ya Kati na sehemu za Asia na Ulaya. Katika mapango ya eneo la Bethlehemu imepatikana mifupa ya shomoro wa miaka mingi mno kabla ya kilimo, lakini kilichomfanya awe ndege wa nyumba ni nafaka. Binadamu alipoanza kulima na kuhifadhi ngano na shayiri, huyu alihamia pembeni mwa ghala na hajaondoka tena. Kijiji kikihamwa, naye hutoweka. Ni ndege anayemhitaji mtu.

Huku kwetu aliletwa kwa bahari. Unguja alikuwapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mombasa alianza kuonekana karibu mwaka 1950, kisha akakaa pwani kwa miongo kadhaa kabla ya kupanda bara. Njia aliyoifuata ni ile ile ya reli na barabara kuu: mji baada ya mji, kituo baada ya kituo, kila mahali penye nafaka iliyomwagika na paa lenye mwanya. Kati ya mji na mji, porini, humkuti. Voi iko kwenye njia hiyo, na wanaoukumbuka mji usiokuwa naye bado wapo.

Kwa sura, hawa wa kwetu wanafanana na wale wa Bara Hindi na Arabuni kuliko wa Ulaya: shavu la dume ni jeupe zaidi. Ndugu zetu walioko Muscat wanamwona huyo huyo kila siku, ila kule yuko kwao.

Jambo moja linalonivutia sana kuhusu hawa wa Kenya: kundi lililoanzishwa na ndege wachache huwa na uhaba wa tofauti za kijenetiki, na ndivyo ilivyo. Lakini mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba shomoro wa Kenya wana tofauti nyingi katika alama za kikemia zinazobandikwa juu ya DNA, zile zinazowasha na kuzima jeni. Wazo lao ni kwamba tofauti hizo huenda zinaziba pengo. Ndege wa rangi ya vumbi anayeokota punje kituo cha matatu ana habari kubwa ndani yake.

Tusimchanganye na kunguru wa Bara Hindi. Huyo naye aliletwa Unguja, katika miaka ya 1890, lakini hujitwalia mayai na makinda ya ndege wengine. Shomoro hali makinda. Ubaya wake ni kugombea matundu.

---

Fundi_Maghala_Moro

Maswali ya 2 na 3, ambayo ndiyo yenye kazi.

Kwanza hesabu ya siku. Jike hutaga yai moja kila siku, kwa kawaida mayai 3 hadi 5. Yai ni jeupe lenye madoa ya kijivu na kahawia, urefu kama milimita 22. Kuatamia ni siku 11 hadi 14. Makinda hukaa kiotani siku 14 hadi 16 hivi. Kwa hiyo kuanzia yai la kwanza mpaka kiota kuwa kitupu ni kama wiki 4 hadi 5.

Hutaweza kuchungulia kila kiota, basi soma kile ambacho wakubwa wanabeba mdomoni. Simama mahali penye kivuli, umbali wa mita 10 hivi, saa 1 hadi saa 3 asubuhi, saa nzima kwa kila upande wa ghala. Wakiingia na nyasi, uzi, manyoya ya kuku au vipande vya nailoni, wanajenga au wanatandika. Hapo ondoa leo. Wakiingia na panzi, viwavi au kumbikumbi, ndani kuna makinda, acha. Akiingia mdomo mtupu na kukaa muda mrefu, na mwenzake anakuja kumpokea, wanaatamia, acha pia. Ukiwaona wanatoka na vifuko vyeupe mdomoni, hicho ni kinyesi cha makinda, na makinda hayo bado ni madogo.

Makosa mawili ndiyo yanayowashinda watu wengi. La kwanza ni kuchelewa baada ya makinda kutoka. Wazazi hurudia kiota kile kile, na jike anaweza kutaga tena baada ya kama wiki moja. Mtu anasema nitaziba Jumamosi ijayo, Jumamosi inafika mayai yako ndani. Ziba ndani ya siku 2 au 3 tangu kelele za makinda zikome. La pili ni kuziba usiku kwa kudhani ni kutulivu. Shomoro hulala kwenye viota mwaka mzima, hata kisipokuwa na yai. Ukiziba usiku umewafungia. Ziba saa 6 hadi saa 8 mchana, ukiwa umegonga mabati kwanza ili waliomo watoke.

Na ukiondoa nyasi tu bila kuziba, hujafanya kitu. Watajenga upya ndani ya siku chache.

Vifaa: wavu wa chuma wenye matundu ya nusu inchi, ule wa kuchomelea wa mraba, si ule wa kuku wa pembe sita wa inchi nzima. Mwanya wowote unaozidi sentimita 2 uchukulie kuwa ni mlango. Kwa mwanya wa chini ya mabati, kata ukanda wa wavu wenye upana wa sentimita 20, ukunje kwa urefu upate umbo la V, usukumie ndani kwa ubao ili V ijibane yenyewe kati ya ukuta na bati, kisha ufunge kwenye kenchi (mbao zinazobeba paa) kwa waya laini kila baada ya sentimita 30. Kama kuna fishabodi, yaani ubao wa ukingoni mwa paa, pigilia ukingo wa wavu nyuma yake, usiuache ukining'inia. Pengo moja lililobaki kwenye kona linatosha kurudisha kundi zima, kwa hiyo ingia ndani ya ghala mchana, funga mlango, tazama mwanga unapopenya. Kila panapopenya mwanga kwa ukubwa wa kidole gumba, rudia.

Matundu ya hewa usiyazibe kwa saruji. Nafaka inahitaji hewa, ukiyafunga utapata joto, unyevu na ukungu, na hasara hiyo inazidi ya shomoro wote. Weka wavu huo huo upande wa nje, ukatwe uzidi tundu kwa sentimita 5 kila upande, ushikwe kwa misumari ya zege na vishikizo vya bati. Wavu wa mbu peke yake hautoshi, wanauchana.

Gunia, povu na karatasi huvutwa nje kwa sababu kwao hayo ni matandiko. Uliwaletea mali ya kujengea.

Usafi: vaa barakoa na glavu, nyunyizia kiota maji mpaka kilowe kabla ya kukigusa, maana vumbi la kinyesi kikavu halifai kuvutwa puani. Kitie moja kwa moja kwenye mfuko na ufunge, kwa sababu kiota kikishakosa ndege utitiri hutoka kutafuta wa kumnyonya, na aliye karibu ni mtu. Chini panapolowa kinyesi, kwangua, osha kwa sabuni, kisha maji yenye dawa ya klorini, halafu paache pakauke kabisa kabla ya kurudisha magunia. Usipulizie dawa ya wadudu juu ya nafaka.

---

Mkulima_Kilosa

Nyie mnawabembeleza. Hao ni kwelea. Wakishuka shambani wanamaliza mpunga. Weka sumu kwenye punje, yaishe.

---

Darubini_Arusha

Mkulima, hasara yenu ya mpunga ni ya kweli na inauma, lakini anayewatia hasara ni mwingine. Kwelea kwelea ana mdomo mwekundu (wa jike hugeuka manjano wakati wa kuzaa), uzito wake ni kama gramu 20, na huzaliana katika migunga na vichaka vya miiba kwa makundi yanayofikia mamilioni. Haishi kwenye paa. Mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Zidisha kwa idadi hiyo utaona kwa nini serikali hurusha ndege za kunyunyizia dawa. Shomoro wa nyumbani ni gramu 24 hadi 40, hukaa familia chache kwa jengo moja, na anachokula zaidi ni kilichomwagika. Huyu dawa yake ni ufagio na wavu.

Wala usimchanganye na yule mwenye nyusi pana nyeupe anayerundika mafungu ya nyasi ovyo kwenye miti ya uani. Huyo anafanana na shomoro, lakini ni wa jamii ya ndege wafumaji, na hana haja na ghala.

Kuhusu sumu kwenye punje, ndani ya ghala la chakula cha watu: haifai hata kidogo. Punje zenye sumu hazibaki mahali ulipoziweka. Ndege mgonjwa hafi papo hapo, huruka akaangukia uwanjani, akaliwa na paka, na bundi aliyekuwa anakukamatia panya bure naye anakufa. Gundi ya panya vilevile: itanasa mjusi, chiriku na njiwa kabla haijamnasa shomoro mwerevu.

---

Fundi_Maghala_Moro

Niongeze hapo kwenye ufagio. Shomoro humeza vijiwe vidogo na mchanga, firigisi ndiyo inayomsagia punje, kwa hiyo ghala lenye uwanja wa vumbi na punje zilizotawanyika lina kila anachokitaka: chakula, vijiwe, na mahali pa kuoga vumbi. Utaona vishimo vya duara kama sahani ya kikombe kwenye udongo mkavu, ndipo wanapoogea. Fagia pale magunia yanapopakuliwa kila jioni, si mara moja kwa wiki. Gunia lililotoboka lishonwe siku hiyo hiyo.

Ana uwezo wa pekee na punje. Ndani ya ulimi wa jamii hii kuna kifupa cha ziada ambacho ndege wengi wala nafaka hawana. Kinaukaza ulimi aweze kuibana mbegu juu ya kaakaa huku mdomo unaimenya ganda. Ndiyo maana chini ya mahali anapokula utakuta makapi, si punje zilizovunjika. Ukikuta punje zilizotafunwa upande wa kiini, mtuhumiwa ni panya.

---

NafakaVoi

Asanteni sana. Nimefuata utaratibu wa kutazama midomo. Upande wa magharibi viota 4 wanaingia na panzi, upande wa kusini 2 wanaingia na nyasi. Lile tundu la mashariki ni la wa kijivu, na anaingia na viwavi.

Jambo jingine la haraka: kinda mmoja ameanguka leo upande wa magharibi. Hana manyoya, macho yamefunga. Watu wanasema ukimgusa mama atamkataa kwa harufu ya mkono. Nifanyeje?

---

Mlezi_wa_Ndege_Pwani

Mrudishe kiotani sasa hivi, kwa mkono wako. Hilo la harufu si kweli. Shomoro hamwachi kinda wake kwa sababu aliguswa.

Makinda ya shomoro huanguliwa wakiwa uchi kabisa, bila hata manyoya laini ya mwanzo, na macho hufunguka karibu siku ya 4. Kwa maelezo yako huyo ana siku chini ya 4 hivi, na hawezi kujitunzia joto. Mshike ndani ya viganja viwili dakika chache mpaka apate joto, kisha mrudishe. Kinda baridi akirudishwa hafungui mdomo, na mzazi hulisha mdomo uliofunguka. Kiota kikiwa hakifikiki, tengeneza kibakuli kwa chupa ya plastiki iliyokatwa, sentimita 10 kwa upana, matundu chini ya kutolea maji, nyasi kavu ndani, ukitundike karibu kabisa na kiota. Kaa mbali, tazama saa moja.

Usimpe maji kwa kumdondoshea mdomoni. Tundu la pumzi liko hapo hapo nyuma ya ulimi, tone moja likiingia ameondoka. Usimpe maziwa wala mkate. Siku hizo za mwanzo makinda hulishwa wadudu karibu watupu, kwa sababu mwili unajengwa kwa protini. Nafaka inakuja baadaye. Ndiyo maana mwezi wa mvua, kumbikumbi wanaporuka, unaona shomoro anazaa kwa bidii.

Ukimkuta mwenye manyoya kamili, mkia mfupi, anarukaruka chini, huyo hajaanguka. Ametoka mwenyewe. Wazazi huendelea kumlisha kwa wiki moja au mbili. Msogeze kichakani mbali na paka, uondoke.

---

Nakuru_Bondeni

Natoka kidogo kwenye ghala, lakini ni jambo linalohusu nani anampisha nani.

Nyanda za juu, kuanzia Nairobi na Nakuru mpaka kaskazini mwa Tanzania, shomoro wa mjini kabla ya huyu mgeni alikuwa Passer rufocinctus. Dume wake naye ana koo jeusi, lakini doa lenyewe ni dogo, nyusi na kiuno ni vyekundu vya kutu, na jicho ni la rangi ya maziwa. Jicho ndilo alama: la shomoro wa nyumbani ni jeusi-kahawia, la huyu ni jeupe-njano, unaliona hata bila darubini. Jike wake pia ana kidoa cha kijivu kooni. Wanaoishi maeneo hayo watazame ni jicho gani linawatazama kutoka kwenye paa, waandike tarehe na mahali. Katikati ya miji mgeni ametawala, na mwenyeji anapatikana zaidi pembezoni, mashambani na kwenye miti.

Na si kila shomoro wa kwetu ni mnyonge. Yuko mdogo wa rangi ya kahawia iliyoiva mwili mzima, Passer eminibey, jina linalotokana na Emin Pasha. Dume huyu huenda kwenye koloni la ndege wanaofuma viota, akatua karibu na kiota cha mtu, akatetemesha mabawa na kulialia bila kukoma mpaka mwenye kiota achoke aondoke. Kisha anaingia.

---

Leicester_Mtaa_wa_Tatu

Huku Uingereza shomoro wa nyumbani yuko kwao, na mambo yamekuwa kinyume. Tangu miaka ya 1970 idadi yake imepungua kwa zaidi ya nusu, na mwaka 2002 aliingizwa kwenye orodha nyekundu ya ndege wa nchi hii, yaani ya wanaotia wasiwasi zaidi. London ndiyo iliyopoteza wengi. Sababu moja inayotajwa ni ile ile aliyoigusa Mlezi: wadudu. Bustani zikisakafiwa, vidukari na viwavi vikikosekana, makinda hufa kiotani hata kama nafaka ya wakubwa imejaa. Sababu nyingine ni nyumba kukarabatiwa na mianya kuzibwa. Kwa hiyo hapa watu wanatundika masanduku ya viota kwa ndege ambaye kule Voi mnamzibia.

Na kwa anayetaka kuwaangamiza wote: China, mwaka 1958, shomoro aliwekwa kwenye orodha ya waharibifu wanne pamoja na panya, nzi na mbu. Hakuwa huyu wa nyumbani, alikuwa binamu yake, Passer montanus. Watu walipiga sufuria na ngoma mchana kutwa ili ndege wasitue, mpaka wakaanguka kwa uchovu. Wadudu wa mashambani wakaongezeka, nzige wakiwamo, na wataalamu wa ndege wa huko walikuwa wameonya kwamba matumboni mwa shomoro kulikuwa na wadudu wengi. Mwaka 1960 jina la shomoro liliondolewa, likawekwa la kunguni.

---

NafakaVoi

Kinda amerudishwa, mzazi ameonekana akiingia na panzi baada ya dakika 20 hivi. Viota 2 vya kusini vimeondolewa mchana na wavu umewekwa. Vinne vya magharibi nasubiri.

Swali la mwisho. Nikiziba ghala lote, yule wa kijivu atakosa tundu lake. Naweza kumtengenezea sanduku ambalo wa koo jeusi hataingia? Nilifikiri kupunguza ukubwa wa tundu.

---

Darubini_Arusha

Tundu dogo halitakusaidia hapo, kwa sababu wa kijivu ndiye mkubwa. Tundu litakalomfungia nje wa koo jeusi litamfungia na yeye. Kinachowatenganisha ni mahali. Shomoro wa nyumbani hapendi kuzaa mbali na majengo. Wa kijivu hana shida na mti mkavu wenye tundu au kiota cha zamani cha ndege mwingine.

Tengeneza sanduku la ubao usiopigwa rangi, unene wa milimita 20, sakafu ya ndani sentimita 15 kwa 15, kimo sentimita 25, tundu la milimita 40 likiwa sentimita 17 juu ya sakafu. Toboa vitundu 4 vya milimita 6 kwenye sakafu vya kutolea maji, na viwili juu ubavuni vya hewa, maana jua la Voi litawapika waliomo. Usiweke kijiti cha kutulia mbele ya tundu; yeye hakihitaji, na kinamsaidia kunguru kusimama akichungulia. Paa lichomoze sentimita 8 mbele.

Litundike kwenye mgunga, mita 3 hadi 4 juu, uso ukitazama mbali na jua la alasiri, umbali wa mita 100 au zaidi kutoka ghalani. Funga shina kwa bati laini lenye upana wa sentimita 50 ili paka asipande.

Lile tundu la mashariki usiliguse mpaka viwavi viache kuingia. Sanduku litundike sasa, alizoee angali analea, ndipo uzibe.

---

Fundi_Maghala_Moro

Na utakapofika kuziba hilo la mashariki, kumbuka: saa 6 mchana, gonga kwanza.